Mkate wa Koleo

Mkono wa Shangazi ulipoungua, mtaa ulijua kabla yeye mwenyewe hajamaliza kupiga yowe. Wateja walikuwa wamejipanga mlangoni na vikapu vyao, wengine bado wana matongotongo, na wote walimwona akiuingiza mkono tanurini kama alivyouingiza kila asubuhi tangu angali msichana. Kisha wakamwona akiuchomoa kama mtu aliyeumwa na nyoka. Mkate ulidondoka majivuni. Harufu iliyotoka humo haikuwa ya mkate.

"Mama yangu wee!" alisema Mama Sabuni, jirani wa ukuta kwa ukuta, ambaye hakuwahi kusema jambo kwa sauti ya chini hata akiwa msibani. "Moto umemla Shangazi!"

Watu wa nyuma wakasukuma wa mbele ili nao waone. Maana si jambo dogo lile. Katika mji ule kila ukoo wa wanyonge ulikuwa na kitu chake kidogo. Povu la akina Mama Sabuni lilitoa doa la mafuta na doa la kijicho pia. Kiatu alichoshona fundi wa pale kona hakikumpeleka mtu njia ya kupotea. Vitu vya watu wadogo, visivyomjengea mtu ghorofa, lakini vilimwezesha kulala ameshiba. Na nyumba hii kitu chake kilikuwa moto. Tanuri lao halikuwahi kuzimika tangu enzi za babu wa babu, na moto wake uliwajua wenyewe. Ungembabua paka, ungeunguza nyusi za mgeni mwenye kimbelembele, lakini mtu wa nyumba ulimpita vidoleni kama pumzi ya vuguvugu.

Ndiyo maana walitoa mikate kwa mkono mtupu. Mkate wa mkono haukuota ukungu, na mtoto aliyesokotwa na tumbo akipewa kipande alinyamaza. Ukiutoa mkate uleule kwa koleo la chuma, basi, ni mkate tu, ndugu ya mikate mingine yote. Watu walikuwa tayari kulipa mara mbili kwa wa mkono. Wa koleo hata mbwa aliuliza bei.

"Wifi, nipe hilo koleo," alisema Shangazi kwa meno yaliyobana.

Mke wa mdogo wake, aliyekuwa kando akipanga sinia, alimpa koleo lenye mpini mrefu. Alikuwa mja mzito, na koleo lile lilikuwa lake yeye, kwa sababu mke aliyeolewa katika nyumba ile hakutambulishwa kwa moto mpaka siku atakayozaa. Shangazi, aliyelitania koleo lile mara nyingi, sasa alilishika kwa mkono wa kushoto, akawa anaparamia mikate kama mtu anayeopoa viatu kisimani.

"Shangazi," mteja mmoja aliuliza, "huo unauzaje?"

"Bei ileile."

"Ileile ya nini? Mkono uko wapi?"

Wengine wakacheka, si kwa ubaya sana, lakini walicheka. Akauza kwa nusu bei. Waliomwita Shangazi walikuwa ni hao hao. Hakuwa na mtoto wala mume, na mdogo wake alikuwa bado hajapata mtoto wa kumpa cheo hicho, ila mtaa ulikuwa umekwisha kumpa watoto wake wote, wapite wakiomba makombo ya mkate wa moto, naye awape. Asubuhi ile aliwaona wakichukua chenji na kuihesabu mara mbili.

*

Mama yake alimfunga mkono kwa kitambaa na mafuta. Alikuwa kikongwe mdogo, mwenye vidole vyepesi, na alimfunga vizuri mno, akizungusha na kuzungusha, kama anayefunga zawadi. Hakuuliza imekuwaje. Shangazi alilikumbuka hilo baadaye.

Mdogo wake aliingia akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Kila mtu alimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitindamimba, na ingawa sasa alikuwa na ndevu na mke, jina lilimganda. Aliutazama ukuta, akautazama mtungi wa maji, akatazama kila kitu isipokuwa mkono wa dada yake.

"Pole, dada. Labda ni umri."

"Umri? Bibi yetu alitoa mikate mpaka siku ya kuzikwa kwake. Huu si umri. Huu ni mkono wa mtu."

"Mkono wa nani sasa?"

Shangazi hakuwa na uvumilivu wa kuzungukazunguka. Alimgeukia wifi yake. "Wewe ndiye unayepepeta unga. Umenitilia nini?"

Wifi aliweka chini sufuria. Alikuwa mtu mpole, wa kujibu kwa kope, na huko nyuma Shangazi alikuwa akiwaambia watu kwamba mdogo wake ameoa mto wa kulalia. Lakini leo alijibu kwa mdomo.

"Wifi, mimi moto huu haunijui hata kwa salamu. Tangu niolewe natoa mikate kwa koleo mnanicheka. Asiyejulikana atamkana nani?"

Desturi ya moto waliijua wote. Mtoto akizaliwa katika nyumba ile, kabla kitovu hakijadondoka, mtu ambaye moto unamjua huzishika nyayo zake, akazielekeza tanurini na kusema: huyu ni wetu. Huyo ndiye mshika nyayo wake, naye ni mmoja tu maisha yote, hakuna wa akiba. Na mshika nyayo peke yake ndiye awezaye kumrudisha. Anatupa gao la chumvi motoni, anasema simjui, na imekwisha. Na arudishwaye harudi peke yake. Wote aliowashika yeye hurudi naye, kwa kuwa shina likikatwa tawi halining'inii hewani.

Lakini Shangazi alishikwa na baba yake. Hivyo ndivyo marehemu alivyosimulia kila alipopata msikilizaji, kwamba watoto wake wote wawili aliwashika kwa mikono yake hii, msichana na mvulana, na hakubagua. Naye baba alikuwa kaburini, na wahenga wa mtaa ule walikwisha kusema: mfu harushi chumvi. Basi ilikuwaje?

"Mwache mke wa mdogo wako," alisema mama yao taratibu, akifunga fundo la kitambaa. "Mja mzito hatukanwi."

Wifi alikwenda uani kulia. Shangazi akabaki na aibu juu ya maumivu, na hakujua kipi kinawasha zaidi.

*

Wateja wa mkate wa mkono ni kama nzi wa asali. Asali ikiisha hawaagi. Mke wa mwalimu mkuu, aliyekuwa akituma kikapu kizima, sasa alipita upande wa pili wa njia akiwa ameona kitu cha muhimu sana angani. Mtoto mmoja alileta nusu mkate uliofungwa kwenye gazeti.

"Shangazi, mama kasema umeota ukungu. Kasema unirudishie pesa, au kama huna, basi."

"Mwambie mama yako ninayo," alisema Shangazi, akamrudishia, na mtoto akabaki amesimama akingoja kombo la moto kama kawaida. Akampa na kombo.

Mama yao alitoa mikate michache kwa mkono kila alfajiri, lakini mgongo wake haukuinama zaidi ya hapo. Shangazi alimwomba Kitinda.

"Wewe ungali na mkono wako. Njoo unisaidie angalau ya asubuhi, tusipoteze watu."

"Mimi na unga wapi na wapi, dada? Nina kikao na Tajiri."

Na kweli, tangu alipoota ndevu hakuna aliyemwona Kitinda akiinama mbele ya tanuri lile. Mikono yake ilikuwa ya kushikana na mikono ya watu wengine.

Huyo Tajiri alikuwa na maduka ya mkate kila pembe ya mji, yenye matanuri ya vigae vyeupe na wafanyakazi waliovaa kofia. Kitu pekee asichokuwa nacho ni moto unaojua watu. Alikuwa amekwisha kuja mara kadhaa, akaketi kwenye kiti chao kizuri, akasema atauhamishia moto kwake, awajengee nyumba, ampe Kitinda usimamizi. Shangazi alikataa. "Moto ukilala kwa Tajiri, kesho tutauona kwa zamu, keshokutwa kwa kibali," alisema, na maneno yakaishia hapo. Maana moto hauhami kwa ubabe. Wote unaowajua lazima wakubali, kinywa kwa kinywa, mbele yake. Mmoja akikataa, makaa huzimika njiani.

Jioni moja walikuwa wanakula wanne, Kitinda akafuta mdomo, akasema kama anayetangaza bei ya mchele:

"Ijumaa Tajiri anakuja kuchukua moto. Wote tumekubali."

Shangazi alicheka. Alidhani ni mzaha. "Wote akina nani? Mimi sijakubali, wala sikubali."

Kitinda alimega tonge, akalitazama.

"Kwani wewe moto unakujua?"

Wifi aliacha mkono wake katikati ya sahani na kinywa. Mama aliinamisha kichwa, akaanza kuokota punje kwenye mkeka, moja moja, kana kwamba kuna kuku anayezingoja.

Kuna mambo ambayo mtu hahitaji kuelezwa. Shangazi aliinuka, akanawa mkono ule mmoja uliobaki mzima, akatoka nje.

*

Kwa Mama Sabuni hapakuwahi kuwa na jioni tupu. Kulikuwa na watoto wa nani sijui, majirani wawili waliokuja kuazima wakasahau walichokuja kuazima, na pipa la sabuni likitokota. Pembeni, kwenye kitanda cha kamba, alikaa mama mzazi wa Mama Sabuni, Mkunga mstaafu, aliyewapokea duniani nusu ya watu wa mtaa na bado akiwaita kwa uzito waliozaliwa nao.

"Huyo ni nani, yule mwepesi?" aliuliza. "Karibu. Mkono vipi?"

"Bibi," alisema Shangazi, akaketi chini karibu na magoti yake, "niambie kweli. Siku niliyozaliwa, nani alinishika nyayo?"

Mama Sabuni aliacha kukoroga. Wale majirani wawili wakakumbuka kwamba hawana haraka.

"Si mama yako?" alisema Mkunga. "Nani mwingine?"

"Baba alisema ni yeye."

"Baba yako!" Kikongwe alicheka mpaka akakohoa. "Baba yako aliposikia ni msichana alisema anakwenda kununua unga. Alirudi juma lililofuata, bila unga. Mama mkwe wa mama yako alimtambulisha mama yako motoni asubuhi, kwa vile amezaa, na jioni mama yako, akiwa na damu yake bado, akakuchukua akakushika mwenyewe. Mimi ndiye niliyemshika kiuno asianguke. Baba yako aliporudi akaona aibu, akasema semeni ni mimi. Tukasema. Wanaume huwa tunawaachia vitu vidogovidogo hivyo."

"Kumbe," alisema Mama Sabuni. Halafu, kwa kuwa akili yake ilikuwa ya haraka kama ulimi wake, akatia mkono kinywani. "Kumbe ni mama yako!"

Shangazi hakulia. Alikuwa anamwona mama yake akizungusha kile kitambaa, anazungusha na kuzungusha. Siku ya kabla ya kuungua alikuwa ametumwa na mama yake kinuni kuchukua magunia, na aliporudi alilikuta jiko halina chumvi hata ya kutia mchuzini. Aliiazima hapahapa.

"Na yule mzito?" Mkunga alikuwa bado katika kumbukumbu zake. "Mdogo wako. Yule alitaka kumuua mama yenu. Homa siku nne hajui mbele wala nyuma, bibi yenu amekwisha kuzikwa, na baba yenu yuko wapi, yuko kilabuni. Kitovu kinataka kudondoka. Nikakwambia wewe, msichana, mshike mdogo wako. Ukamshika. Vimikono kama vijiti!"

"Nyamaza, mama," alisema Mama Sabuni.

Lakini Shangazi hilo alilijua. Alikuwa amelijua maisha yake yote. Baba yake alimwapisha asimwambie mtu, hata mama, kwa vile mvulana kushikwa nyayo na kitoto cha kike ingekuwa kichekesho cha mtaa. Akaapa. Alikiweka kiapo kile kama mtu anavyoweka dhahabu ya kuazimwa, na usiku mwingi kilimpasha joto: mdogo wangu huyu nimemshika mimi.

Alichokuwa hakijui ni nusu ya kwanza. Na mama yake alikuwa hajui nusu ya pili. Mama alikuwa anaamini Kitinda ameshikwa na baba, na mfu harushi chumvi, basi kijana yuko salama, hata binti arudishwe mara ngapi. Akarusha.

Shina likikatwa. Kitinda hakuwahi kuusogelea moto ule tangu siku ya chumvi. Ijumaa angeusogelea mbele ya watu.

*

Alimkuta mama yake peke yake, akichekecha unga. Alikuwa amekuja na neno moja tu la kumwambia, nalo lilikuwa ni onyo. Lakini mtu huwezi kumwonya mama yako kabla hujamuuliza.

"Mama, kwa nini?"

Mama hakujifanya hajui. Alitikisa chekeche.

"Wewe ungekubali, nisingefanya."

"Mimi ni mtoto wako."

"Na yeye ni mtoto wangu. Na mke wake ana tumbo. Wewe moto ungemwachia nani? Ungekaa nao kama mtu anayekalia yai la chura mpaka ufe, kisha? Nyumba ya Tajiri ina maji ya bomba. Mimi nimezeeka kwenye moshi, sitaki mjukuu wangu azeeke kwenye moshi."

"Ningeondoka, ungeniambia. Ungesema, mwanangu, tupishe. Ningeondoka."

"Usingeondoka."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ulimuuma zaidi.

"Mimi ndiye niliyewalisha," alisema Shangazi. "Baba alipokufa, Kitinda yuko shuleni, nani aliamka? Na wewe mwenyewe hapa uliingia kwa kuolewa. Moto ulikufahamu siku moja na mimi, asubuhi wewe, jioni mimi. Umenishinda kwa jua moja tu, mama."

Chekeche likasimama. Mama alitambua kwamba siri ya baba imetoka. Uso wake ulilegea kidogo, na kwa muda mfupi alionekana kama atasema kitu kingine. Kisha akasema hiki:

"Nilikuwa na haki. Niliyemshika ni wangu kumrudisha. Ulikuwa huna mtu wa kumwachia, ukaona bora na sisi tusiwe na kitu. Mwanamke asiyezaa huwa hivyo. Si kosa lako."

Lile onyo lilikuwa mdomoni. Lilikuwa tayari, limeshavaa nguo zake: mama, Kitinda nilimshika mimi. Shangazi alilisikia likigeuka nyuma na kurudi lilikotoka. Aliutazama unga ukishuka mweupe, laini, bila punje hata moja, akaingia chumbani kwake akalala na nguo zake.

*

Ijumaa ilikuwa sherehe. Tajiri alikuja na gari lililofungwa maua, na chungu kipya chenye masikio ya shaba cha kubebea makaa. Wafanyakazi wake wenye kofia walisimama mstari. Mtaa mzima ulijaa, wengine juu ya kuta, maana watu wanaweza kuacha kununua mkate wako lakini hawawezi kuacha kukutazama ukihama. Mama alivaa vitenge vipya. Kitinda alikuwa na suti, na Mama Sabuni alisema kwa sauti yake ileile kwamba suti ile imenunuliwa kwa ajili ya mtu mwenye mabega.

Desturi ilitaka kaa la kwanza litolewe kwa mkono na kijana wa nyumba. Kitinda alivua koti, akampa mke wake, akaanza kukunja mikono ya shati.

Shangazi alikuwa amesimama mwisho kabisa, karibu na lango, na mkono wake wenye kitambaa kifuani. Alikuwa amejiambia hatasema. Tangu siku ile alikuwa amejiambia hivyo, na alijiamini. Watu wangeona, mama angeona, na yeye angekuwa amesimama tu hapo kama mgeni, kama walivyotaka. Alikuwa hata ameusikia utamu wake, ule utamu wa mtu kupata haki yake bila kunyanyua kidole.

Kisha Kitinda alikunja mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko, na kiwiko kile kilikuwa na kovu la siku alipoanguka kwenye ngazi, na aliyembeba kumkimbiza kwa Mkunga alikuwa yeye.

"Kitinda!" Alisukuma watu. "Kitinda, usishike! Mdogo wangu, usiushike huo moto!"

Tajiri alimtazama Kitinda, Kitinda akaona haya mbele ya Tajiri, na haya ya mwanamume mbele ya mwenye pesa ni kitu kibaya sana.

"Dada, tumeyamaliza hayo."

"Haukujui! Wewe haukujui! Nilikushika mimi, si baba. Mama alikuwa na homa. Muulize Mkunga. Mama aliponirudisha mimi—"

"Mumtoe," alisema Kitinda.

"Mama, mwambie!"

Mama aliinua kidevu mbele ya wageni. "Baba yao ndiye aliyemshika. Mtaa wote unajua." Halafu akaongeza, kwa upole unaotumiwa kwa vichaa, "Mnisamehe. Huyu si wa nyumba hii."

Mmoja wa wenye kofia alimshika Shangazi begani. Kuna mtu alicheka. Kitinda aligeuka, akatabasamu kwa Tajiri, akauingiza mkono wote kwa majivuno, mpaka kwenye kiwiko, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya maji.

Sauti aliyoitoa haikuwa ya mtu mzima. Alipoanguka nyuma, aliyepiga yowe refu zaidi alikuwa wifi, na aliyefika wa kwanza alikuwa Shangazi. Alikuwa amekwisha kumponyoka yule mwenye kofia. Alimwagia maji ya kukandia, akarudia, akalichana shati lile la pasi, akauinua mkono juu, akimwambia tulia, tulia, baba, usitazame. Kitinda alitulia. Alikuwa anamtazama yeye kama alivyomtazama kwenye ngazi zile.

Tajiri aliweka kofia yake kichwani. "Niliahidiwa moto na mkono," alisema. "Sasa hapa mkono ni wa nani? Huyu bibi kizee atanitolea mikate ya maduka yangu yote?" Alitoa amri, chungu chenye masikio ya shaba kikarudishwa garini, maua yakatikisika, na gari likaondoka.

Mama alikuwa bado amesimama mbele ya tanuri. Alikuwa anahesabu kwa midomo, kama mtu anayetafuta kosa kwenye hesabu ya zamani: homa, kitovu, binti. Akamwona Mkunga, aliyekuwa ameletwa na kitanda chake cha kamba ili asikose, na Mkunga akaitikia kwa kichwa. Ndiyo.

Basi kikongwe yule alikuja mbio, na vitenge vyake vipya vikimfunga miguu, akapiga magoti mbele ya Shangazi, akaanza kumvua kandambili.

"Leta nyayo, mwanangu. Aliyekurudisha anaweza kukushika tena, leta nikushike upesi, kisha wewe umshike yeye. Ukijulikana wewe atajulikana na yeye. Tajiri hajafika mbali. Leta mguu, mwanangu."

Watu wote walisubiri. Shangazi aliutazama utosi wa mama yake, mweupe, wenye njia katikati. Mwanangu. Alikuwa amelitaka neno lile siku zote tangu alipoungua, angelichukua hata kwa nusu bei. Na sasa lilikuwa hapa, na lilikuwa daraja la mtu mwingine kupita.

Aliuweka mkono wa Kitinda kwenye mapaja ya wifi. "Umwagie maji mpaka jioni," alimwambia. "Maji tu, usipake kitu. Na nisamehe kwa siku ile ya unga."

"Nimekusamehe, wifi," alisema yule mpole.

Kisha Shangazi aliichomoa kwa upole kandambili yake mikononi mwa mama yake, akaivaa, akapita katikati ya watu. Walimpisha. Nyuma yake mama aliita, na alipoona hageuki akaita kwa sauti kubwa zaidi, mwanangu, mwanangu, mpaka wa mtaa wa pili wakatoka milangoni kuuliza nani amefiwa.

Kwa Mama Sabuni kulikuwa na moto wa kawaida, unaounguza kila mtu, na birika juu yake. Mama Sabuni alimmiminia kikombe, akamwekea mkononi, akakaa naye.

Sauti ya mama yake ilikuwa inapenya ukutani. Shangazi alionja chai, akakunja uso, akaomba aongezewe sukari.